Ukili wa Tatu

Siku ambayo Agnesta aliwafukuza watu, Mwantumu alikuwa ameshajaza nyumba.

Viatu vilianzia mlangoni, vikapita barazani, vikafika mpaka kwenye karo la maji. Kina mama wa kanisani walikaa upande wa dirisha, wale wa madrasa ya watu wazima upande wa kabati, na katikati ulitandikwa mkeka wa kliniki, nyuzi zake za shaba zikimetameta ndani ya ukindu. Watu ishirini na sita. Mwantumu aliwahesabu kwa jicho moja tu, kama anavyohesabu wageni wa harusi, moyo ukamtulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupamba maharusi na kujaza kumbi, na Barabara ya Kumi na Tatu yote ilikuwa inajua kwamba Mwantumu akisema njoo, unakuja. Nyumba ya mgonjwa isiyo na watu aliiona sawa na bibi harusi aliyekaa kwenye ukumbi mtupu. Afadhali asingeolewa.

"Waambie waende," Agnesta akasema kutoka chumbani.

"Waende wapi, shoga? Hata chai hawajanywa."

"Wanywe, halafu waende. Leo namtaka mtu mmoja."

"Nani?"

"We unadhani nani? Wewe."

Ukumbi mzima ukacheka. "Jamani, wamependana hawa!" akasema mmoja wa madrasa, na mwingine akadakia, "Hata waume zao walishawashindwa." Mwantumu naye akacheka, meno yote nje, huku mgongoni jasho jembamba la baridi likimshuka.

Aliingia chumbani akafunga pazia. Agnesta alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cheupe cha mkeka kimemzunguka shingoni, kichwa hakina nywele hata moja. Mikono yake ya fundi cherehani, iliyoshona sare za watoto wa nusu ya Tanga, ilikuwa imelala mapajani, haina kazi.

"Umenikasirikia?" Mwantumu akauliza.

"Nikukasirikie kwa lipi? Kaa." Agnesta akavuta pumzi. "Ijumaa saa sita mchana nawapa kliniki jibu langu. Siku arobaini ndani ya kioo, shoga. Wanatoa chembe za damu yangu, wanazifundisha kuutambua huu ugonjwa, wanazirudisha, halafu kwa siku arobaini mwili hauna hata mlinzi wa getini. Haingii mtu. Haingii hata nesi. Chakula kinapita tunduni. Kitu pekee kitakachonifikia ni uzi wa mkeka."

"Na utakufikia. Nitakujazia watu hamsini."

"Hamsini siwataki. Nataka kabla sijaweka dole gumba la kukubali nijue huo uzi umeshikwa na nani. Kesho mchana ukae peke yako. Nikikuta upo, naingia. Nikikuta hupo, bora nifie hapa hapa nikisikia majirani wanagombana."

"Nipo, sasa nitakosaje kuwepo?"

"Ndiyo maana siogopi," Agnesta akasema, akamshika mkono. "Nakufahamu. Katika wote wale, uzi wako ndio ninaoutambua. Ni kama chai ya tangawizi, unashuka taratibu."

Mwantumu aliutazama ule mkono ulioshika wake. Akatamani dari imwangukie.

*

Mkeka ulikuwa na kili ishirini na nane, mikanda ya ukindu iliyosukwa, zimeshonwa ubavu kwa ubavu kama mkeka wowote unaoujua, kila mkaaji na ukili wake. Ila ndani ya kila ukili ulipita uzi mwembamba kuliko unywele. Ukikaa, uzi ulisoma jasho la ngozi, mapigo, pumzi, na namna tumbo linavyokaza au kulegea. Ukavipeleka vyote kwenye kitambaa cha shingoni, na mwili wa mgonjwa ukafuatisha, kama kichanga kinavyolala kwa kufuata pumzi ya mama yake. Haukuponya saratani. Hakuna daktari aliyesema unaponya, ingawa mtaani walisema. Ulichoponya ni ile saa tisa ya mchana ambayo mgonjwa anakaa anaangalia ukuta, akijiuliza Mungu amemwona au hajamwona. Wagonjwa waliopewa mkeka walikula, walilala, walimaliza dawa. Wasio na mkeka, wengi waliachia njiani.

Kila mgonjwa alichagua mtu wake wa kuusimamia, akaitwa mwenye mkeka. Agnesta hakufikiri mara mbili. Miaka thelathini walikuwa wanaishi ua mmoja, wakipika jiko hili na kuchovya jiko lile, huyu Ijumaa msikitini, yule Jumapili kanisani, na siku za katikati wote wawili barazani wakiwasema watu.

Tena ni Mwantumu aliyemburuta kwenda kupimwa matiti, lilipokuja lile gari la kliniki. "Twende, bure hiyo," alimwambia. Walikaa benchi moja koridoni. Muuguzi akatoka na karatasi mbili, akazisoma. Mwantumu hana kitu. Agnesta anacho.

Siku ya kwanza ya mkeka walikaa watu saba, ndio kwanza wanaujaribu. Sista Namsifu wa kliniki, mwanamke wa Kipare asiyependa maneno mengi, alikaa pembeni na kibao chake cha kioo mapajani. Kila ukili ulionekana kwa mstari wa rangi: buluu ni utulivu, kahawia huzuni, nyeupe woga. Majina hayakuwepo, sheria ilikataza. Zilikuwepo namba tu. Kuambatanisha namba na mtu aliruhusiwa mwenye mkeka peke yake.

Walipomaliza, Sista akamwita Mwantumu jikoni.

"Huyu wa tatu nani?"

Mstari wa tatu ulikuwa wa njano. Si njano ya kufifia. Ilikuwa njano ya kuchekelea, kama kitambaa cha Idi.

"Hiyo njano ni nini?" Mwantumu akauliza, na alikuwa anajua.

"Furaha."

"Furaha ya nini?"

"Mimi nijuaje? Furaha tu. Mtu yuko mbele ya mgonjwa, mwili unashangilia." Sista akamtazama. "Bahati nzuri leo nimezuia uzi usipite, tulikuwa tunajaribu. Ingefika kwa mgonjwa hii, ingemuua kabla ya ugonjwa. Nani alikaa wa tatu?"

Mwantumu alikuwa amekaa wa tatu.

Alijua ile furaha inatoka wapi. Kila asubuhi bafuni mkono wake ulipita kifuani, kushoto, kulia, ukakuta hamna kitu, na moyo ukaruka kama wa mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule. Alimlilia Agnesta kwa machozi ya kweli, akampikia, akamwogesha, akamfulia shuka zilizotapikiwa. Na chini ya yote hayo, usiku na mchana, mwili wake ulikuwa unaimba: si mimi, si mimi, si mimi. Aliuambia unyamaze. Haukunyamaza.

Alifungua mdomo ili aseme ukweli. Baadaye angeweza kuapa hivyo mbele ya kadhi. Kilichotoka ni hiki:

"Atakuwa Shuwea huyo."

Shuwea, mmoja wa wale saba, alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mkali anayesaga viungo, aliyewahi kununiana na Agnesta miaka miwili kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo uongo ulipata pa kukaa, tena kwenye kiti cha mto.

"Basi mtoe," Sista akasema. "Na kama huna uhakika na wengine, kuna kichujio. Kinapitisha utulivu tu, mengine yote kinayazuia. Wagonjwa wengine wanakipenda. Ila lazima mgonjwa aambiwe. Ni haki yake kujua anachopewa kimechujwa."

"Nitamwambia mwenyewe. Kutoka kwangu atapokea vizuri."

Akaweka dole gumba kwenye kibao, kichujio kikawashwa, na tangu hapo kibao hakikuonyesha tena rangi ya mtu mmoja mmoja. Hakumwambia. Na habari ya Shuwea alimwambia mtu mmoja tu, Mama Chausiku wa duka la mkaa, tena kwa kumwapisha. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni na kurudi, imeshavaa hereni na mkufu.

Wiki kumi na moja sasa. Shuwea hakukanyaga tena mkekani. Ila kila asubuhi mlangoni kwa Agnesta kulikutwa chupa ya uji wa pilipili manga, wa moto, na hakuna aliyeonekana akiuweka. Mwantumu ndiye aliyekuwa akiuingiza ndani. Siku mbili tatu Agnesta aliuliza nani kaleta. Mwantumu akasema, "Wapo watu."

*

"Mtu mmoja hachujiki," Sista Namsifu akamwambia jioni ile, kwenye dirisha la kliniki. Nje bajaji isiyo na dereva ilikuwa inamwita Mwantumu kwa jina, imesubiri imechoka. "Kichujio ni cha kuchagua. Kinahitaji watu saba na kuendelea, kiokote utulivu wa huyu na wa yule. Akiwa mmoja kitachagua nini? Itapita kama ilivyo."

"Hakuna hata ka-dawa? Kakidonge ka kutuliza, mimi nimeze?"

"Mkeka unajua kidonge. Utajizima." Sista akainua macho. "Kwani ulimwambia kuhusu kichujio?"

"Nilimwambia."

"Basi tatizo liko wapi?"

Mwantumu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alisema bajaji inamwita.

Asubuhi ya Alhamisi alijaribu huzuni kama mtu anayejaribu viatu. Alimkumbuka mama yake siku ya kufa. Akamkumbuka mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa kimya. Machozi yalikuja, na aliyapokea kwa shukrani. Kisha akaingia bafuni kujimwagia maji, mkono ukapita kushoto, ukapita kulia, ukakuta hamna kitu. Akasimama pale na kopo mkononi, maji yanamchuruzika, akilitukana lile jambo lililoruka ndani yake. Akatawadha upya, akaswali rakaa mbili. Kwenye sijda alitaka kuomba aondolewe ile furaha. Ulimi ukagoma. Kuomba uondolewe furaha ya kuwa mzima, si ndiyo kuomba ugonjwa? Na huo hakuutaka. Hata kwa ajili ya Agnesta hakuutaka, na kulijua hilo, paji la uso likiwa mswalani, kulimfanya ainuke bila kumaliza dua.

*

Saa nane mchana nyumba ilikuwa tupu mpaka saa ya ukutani ikasikika. Mwantumu alitandika mkeka mwenyewe. Akakaa. Kupitia pazia lililofungwa nusu aliona magoti ya Agnesta na mikono yake.

"Uko tayari?"

"Agnesta, kuna kitu..."

"Utaniambia baadaye. Wewe kaa."

Uzi ukapata joto chini ya mapaja. Mwantumu akafumba macho, akamtafuta mama yake, akamtafuta mtoto. Wote wakakataa kuja. Kilichokuja ni ile njano, wazi, bila haya, na juu yake aibu nzito kama ugali mbichi.

Halafu Agnesta akashtuka, kama aliyemwagiwa maji.

"Hii ni nini?"

Mwantumu akafumbua macho.

"Nakuuliza. Hii inayochekelea ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya leo?"

"Ya siku zote."

Agnesta akalivuta pazia lote. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyeonja chakula akakuta ndani kuna kitu. "Na ile ya tangawizi ilikuwa ya nani?"

Hapo Mwantumu akasema. Alisema kwa fujo, mwisho kabla ya mwanzo: kichujio, jikoni, dole gumba, Shuwea, Mama Chausiku, uji wa pilipili manga. Alisema akitazama ukindu. Aliposema kuhusu asubuhi na bafu, sauti ilimwisha, akamalizia kwa kugusa kifua chake tu, kushoto, kulia.

Kule nje muuza samaki akapita anapiga honi.

"Nilisimama kanisani," Agnesta akasema. "Mbele ya watu wote. Nikasema amani niliyoipata si ya dunia hii. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alilia, akaja kunishika miguu."

"Nisamehe."

"Nyamaza kwanza. Hujui ulichokifanya, wewe unadhani ni kichujio tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Siku ile koridoni, nilipomwona muuguzi anatoka na karatasi mbili, niliomba. Sikuomba tuwe wazima. Niliomba kama moja ni mbaya, basi iwe yako."

Mwantumu akainua kichwa.

"Ndiyo. Nilitaja na jina lako, Mungu asije akakosea. Sikulala siku tisa baada ya hapo. Nilijua ndiyo maana imeniangukia mimi. Halafu nikavaa hiki kitambaa, uzi ukafunguliwa, na siku ile ile ikashuka amani, nikasema: nimesamehewa. Wiki kumi na moja namshukuru Mungu kwamba kanisamehe." Akacheka kicheko kikavu. "Kumbe nimesamehewa na kichujio."

Mwantumu angetakiwa kusikia huruma. Alikuwa anaitafuta, kweli, lakini kilichompanda kutoka miguuni kilikuwa kingine. Jina lake! Yeye aliyemburuta kupimwa, yeye aliyeshika ndoo usiku kucha, jina lake lilitajwa kule juu kama jina la mbuzi wa kafara. Masikio yakamchemka. Akasahau kabisa amekalia nini.

Agnesta akajishika shingo. "Aa! Hiyo."

"Hiyo nini?"

"Inachoma hiyo."

Mwantumu akataka kuinuka. "Basi naondoka..."

"Kaa hapo!" Ilikuwa sauti ya zamani, ya kufokea wateja wasiolipia sare. "Acha ichome. Wiki kumi na moja sijaguswa na mtu."

Wakakaa. Mmoja anahema kwa hasira, mwingine anaipokea kwa macho yaliyofumba, machozi yanateremka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka jana, hakuna aliyempoza mwenzake. Taratibu ile hasira ikachoka. Chini yake aibu ilikuwa bado ipo, haijapungua hata chembe.

"Umenisamehe?" Mwantumu akauliza.

"Bado. Na wewe?"

"Bado."

"Afadhali." Agnesta akakilegeza kitambaa. "Sasa sikiliza. Kule ndani nitaingia, lakini siingii kwa mkono wako. Mwenye mkeka atakuwa Shuwea."

"Shuwea hatakubali. Baada ya yote yale?"

"Ndiyo uende ukamwombe. Utamwambia mwenyewe, barazani kwake, watu wakiwepo, kwa sauti ile ile uliyomsemea. Asipokubali, mimi siendi, na Ijumaa saa sita itapita kama Ijumaa nyingine."

"Agnesta, mtaa mzima utanicheka."

"Mimi nina kipara, shoga. Usiniambie habari za kuchekwa."

*

Baraza la Shuwea Ijumaa asubuhi lilikuwa na wanawake tisa, wengine wamekuja kusaga bizari, wengine wamekuja tu. Mama Chausiku alikuwepo. Mwantumu alipotokea wakampisha nafasi katikati, kama kawaida yake, wakijua akikaa kuna jambo. Hakukaa.

"Nina maneno," akasema.

"Yalete, yalete!" wakamwitikia kwa hamu, na ile hamu, ambayo maisha yake yote ilikuwa inamshibisha, leo ilimkinaisha.

Akayatoa. Mtu aliyezoea kuipamba habari, akiiongezea chumvi hapa na mdundo pale, aliisema hii tupu, haina hata nguo ya ndani. Mstari wa njano ulikuwa wangu. Shuwea hakuhusika. Nilimsingizia ili nisijulikane. Mama Chausiku alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Kuna aliyesema "Haa!" kisha akajiziba mdomo.

Shuwea alikuwa ameshika mpini wa mashine, hausogei.

"Wiki kumi na moja," akasema polepole. "Msikitini kuna mtu alihamisha mswala wake asisimame bega kwa bega na mimi. Mwanangu akaulizwa shuleni kama mama yake anafurahia watu wakifa. Nikajiuliza kama ni kweli, Mwantumu. Maana mashine haisemi uongo. Nikajipekua. Nikasema labda ninayo kweli hiyo furaha, siijui tu. Nikawa napika uji nalia."

Mwantumu hakuwa na pa kuweka macho. Aliyaweka kwenye unga wa bizari uliomwagika sakafuni.

"Anakutaka uwe mwenye mkeka. Anaingia kwenye kioo. Ukikataa haingii. Mimi unaweza kunifanya lolote, lakini yeye..."

"Kliniki wanafunga saa ngapi?"

"Saa sita."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Na umesimama hapo unalia." Shuwea akajipangusa mikono, akajifunga kanga kiunoni. "Ita bajaji. Nyinyi mnaosagisha, bizari zenu mtazikuta. Asiyetaka kusubiri ajisagie mwenyewe kwa meno."

*

Chumba cha kioo kilikuwa mwisho wa jengo, cheupe mpaka kinaumiza macho. Saa sita kasoro dakika kumi Agnesta alikuwa ameshaingia, akaonekana mdogo mle ndani. Upande wa huku, kwenye ukumbi wa wakaaji, Shuwea alikuwa anapanga watu wa mkeka waliomfuata kama anapanga magunia: wewe hapa, wewe kule, wewe simu zima. Sista Namsifu alisoma masharti kwa sauti, kila moja likajibiwa kupitia kipaza sauti cha kitandani.

"Mwenye mkeka?"

"Shuwea binti Kombo."

"Kichujio?"

"Sitaki."

Wanawake wakatazamana. Kuna mmoja alivuta viatu vyake taratibu, akaondoka bila kuaga. Halafu wa pili. Halafu wanne kwa pamoja, wakisingizia sufuria zilizoachwa jikoni, na wengine tisa nyuma yao. Kati ya ishirini na sita walibaki kumi na mmoja. Mwantumu alisimama ukutani, asijue kama yumo au hayumo. Mara hii hakuthubutu kumwita mtu arudi.

Shuwea akamwonyesha kwa kidole ukili wa mwisho, ule unaopakana na kizingiti, viatu vya watu vinapoanzia.

"Pale," akasema. Hakuongeza neno.

Mwantumu akaenda akakaa pale. Harufu ya soli ikampanda puani. Mbele yake ilikuwa migongo ya watu kumi, na hakuna hata mmoja uliogeuka. Uzi ukapata joto. Asubuhi ile pia alikuwa amepitisha mkono bafuni, na asubuhi ile pia moyo uliruka; sasa ukaanza kuruka tena, na aibu ikaufuata nyuma kama mbwa aliyepigwa. Hakuzuia. Hakuita maiti wake waje kumsaidia. Aliviachia vyote viende, vichafu kama vilivyo, huku kidevu kimegusa kifua.

Dakika zikapita. Kule nyuma ya kioo Agnesta alikuwa amelala chali, macho yamefumba, kiganja kimewekwa juu ya kitambaa cha shingoni.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Shuwea."

"Abee, mgonjwa wangu."

"Huyo wa mlangoni nimempata. Hao wengine waambie waache kusinzia."

Kicheko kikapita mkekani, watu wakajinyoosha migongo. Mwantumu hakucheka. Aliinamisha uso zaidi, mikono yote miwili ikaushika ukindu kama anayeogopa kuinuliwa.